Mtini Uliopewa Mwaka Mmoja

Somo: Luka 13, 6–9



Jumapili moja, ibada ilipokwisha na watu walipokuwa wakiagana mlangoni, mzee mmoja wa usharika wetu alinishika mkono akaniambia, "Baba Mchungaji, nina neno, walakini si la hapa." Nikamwambia aje kwangu jioni. Akaja, akakaa, akanywa chai, akauliza habari za watoto na za mvua, hata giza likaingia, ndipo aliposema, "Nataka kumwachisha mtu kazi. Niambie, je, ni dhambi?"

Mzee huyu ana karakana ya useremala. Alianza na randa moja na msumeno wa mkono. Leo ana mashine mbili za umeme na watu tisa, nao hutengeneza milango, vitanda, madawati ya shule, tena na majeneza, kwa maana kazi hiyo haina msimu. Mtu aliyemtaja ni fundi wake wa kwanza, aliyekaa naye miaka 14. Naye ni mwana wa dada yake.

"Zamani," akasema, "mlango uliopita mikononi mwake haukurudi kwangu. Sasa wenzake huanza saa moja na nusu, yeye huja saa tatu. Kazi aliyoiahidi Jumatatu huitoa Ijumaa. Huwafokea vijana wanaojifunza mbele ya wateja. Nimekwisha kupoteza mafundi wawili wazuri kwa ajili yake. Na juma lililopita alikuja akinuka pombe, akawasha msumeno wa umeme hali kinga yake imetolewa, na kijana aliyemshikia ubao akakatwa kidole. Ameshonwa nyuzi nne. Watu wote wananitazama mimi. Lakini dada yangu amekuja mara mbili, asema, 'Ukimtupa mwanangu umenitupa mimi.' Nami kila Jumapili nasikia hapa habari za kusamehe."

Sikuwa na jibu usiku ule. Nilimwambia jambo moja tu, kwamba kesho yake asubuhi, kabla mashine haijawashwa, amwondoe mpwa wake penye mashine na kumpa kazi ya mkono, wala asingoje shauri lolote katika hilo, kwa sababu jino la msumeno halina subira. Kwa mengine nikaomba nipewe siku tatu. Yeye hakujua kwa nini nimeziomba. Ninyi nitawaambia.

Miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa katika usharika mwingine, nilikuwa mwenyekiti wa halmashauri iliyosimamia bweni la wanafunzi. Jikoni palikuwa na msimamizi, mtu wa maneno mazuri, mwimbaji wa kwaya, ambaye kwa kumtazama hana ila yoyote. Lakini unga ulipungua, maharage yalipungua, na wale wanawake watatu waliopika chini yake walitukanwa kutwa, tena wakalaumiwa kwa upungufu ambao si wao walioufanya. Wakaleta mashtaka. Sisi wa halmashauri tukamwita yule msimamizi, akalia, akaomba msamaha, tukamsamehe, tukaomba pamoja naye. Miezi minne ikapita, mashtaka yakarudi. Akalia tena, tukaomba tena. Mambo yakaendelea hivyo miaka mitatu. Katika miaka hiyo yote hatukumwambia hata mara moja, kwa maneno yaliyo wazi, ni lipi tulitakalo alitengeneze na kufika siku gani. Tuliona haya. Tulidhani kwamba kuona haya ndio upole.

Wanawake wawili wakaacha kazi. Mmoja wao, mjane mwenye watoto wanne, nilimkuta baadaye sokoni akiuza nyanya. Nikamsalimu, akanipokea kwa heshima zote, kisha akasema bila hasira, "Baba Mchungaji, ninyi mlimsamehe, sisi tukalipa." Nikanunua nyanya, nikaenda zangu. Neno lile sijalisahau hata leo.

Wala mambo hayakuishia hapo. Halmashauri ilipochoka, ilimfukuza yule msimamizi kwa njia iliyo mbaya kuliko ile ya kumvumilia. Alikuwa likizoni. Tukampelekea barua kwa kijana wa pikipiki, mistari mitatu, isiyo na sababu ndani yake, na fedha zake za likizo hatukuzitoa. Akatushtaki mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tukaulizwa: mlimwonya lini kwa maandishi? Mlimsikiliza lini akijitetea? Hatukuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Tukaamriwa kumlipa, na fedha hizo zilitoka katika mfuko uliojazwa na watu walioleta kuku na mahindi siku ya mavuno. Niliketi katika chumba kile cha Tume nikatamani kujificha nyuma ya kiti changu mwenyewe.

Kwa hiyo mzee wa karakana aliponiuliza kama ni dhambi kumwachisha mtu kazi, nilikumbuka kwamba mimi nimekosa pande zote mbili, kwa kukawia pasipo kusema, na kwa kuharakisha pasipo kusikia.

Katika zile siku tatu niliusoma mara nyingi mfano wa mtini usiozaa. Habari yake twaijua sote. Mtu alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu, akaja miaka mitatu kutafuta matunda asione kitu, akaamuru ukatwe. Mtunza shamba akauombea mwaka mmoja tena. Sisi wahubiri hupenda kusimama upande wa mtunza shamba, tukamfanya bwana wa shamba kuwa mtu mkali asiye na moyo. Lakini someni tena polepole.

Bwana yule alikuwa amengoja miaka mitatu, basi si mtu wa haraka. Tena analonung'unikia si kukosa matunda peke yake. Anasema mti ule waiharibu hata ardhi. Mkulima ye yote ajua maana ya maneno hayo. Mti mkubwa usiozaa haukai bure. Wanywa maji, wala samadi, watandaza kivuli juu ya mizabibu iliyo karibu nao. Sisi wa halmashauri tuliutazama mti kwa machozi, ardhi hatukuitazama. Ardhi ilikuwa mjane yule na wenzake wawili. Katika karakana ya mzee wetu ardhi ni mafundi wawili waliokwenda zao, na kijana aliyeshonwa nyuzi nne, na mama yake aliyemleta pale kujifunza akiwa na vidole kumi vizima.

Kisha angalieni alichokiomba mtunza shamba. Hakuomba mwaka mtupu. Alisema kwamba katika mwaka huo yeye mwenyewe atachimba kuuzunguka mti na kutia samadi. Hapo ndipo nilipotahayari mbele ya Neno la Mungu. Sisi tulitoa mwaka, hata tukatoa mitatu, walakini jembe hatukulishika. Kuchimba kuzunguka mizizi ya mtu ni kazi ya jasho. Ni kumketisha peke yake na kumwambia jambo lenyewe usoni, bila kulifunika kwa mithali. Ni kuuliza limeanza lini na kwa sababu gani. Ni kumwonyesha tena kazi jinsi ipasavyo kufanywa. Ni kurudi juma lijalo kutazama, na juma la baada yake, hata mwenye kuchimba akichoka. Kumwombea mtu ni rahisi kuliko kuzungumza naye. Sisemi tuache kuomba. Nasema kwamba mimi niliomba ili nisizungumze.

Na liko jambo la tatu, ambalo twalipita mbio tukihubiri. Mtunza shamba mwenyewe akubali kwamba mwaka ukiisha bila tunda, mti na ukatwe. Yeye aliyeuombea ndiye aliyeuwekea mpaka. Hakwenda kumwomba bwana wake awe na subira isiyo na mwisho, wala hakusema kwamba mti usiozaa ni sawa na mti uzaao. Aliomba siku zinazohesabika, naye akaahidi jasho lake ndani ya siku hizo.

Ndugu mwingine atasema, kama alivyosema mzee wetu: je, Bwana hakumwagiza Petro kusamehe hata sabini mara saba? Alimwagiza, na neno hilo halipunguzwi na mtu. Fundi yule akiungama, dhambi yake imeondolewa mbele ya Mungu, na mjomba wake hana ruhusa ya kuihifadhi moyoni. Watakwenda pamoja kwenye Meza ya Bwana na kula mkate mmoja. Lakini msamaha si ufunguo wa ghala. Mtunza fedha aliyeiba akatubu amesamehewa kweli kweli, na sanduku akakabidhiwa mwingine. Wala hapo hapana uongo wo wote. Dakta Luther alitufundisha kupambanua njia mbili ambazo Mungu atawala kwazo: moja kwa Neno na msamaha, na ya pili kwa sheria na kwa kazi ya wale waliowekwa juu ya wenzao, ili wanyonge wasiliwe na wenye nguvu. Mtu yule yule mmoja yumo katika zote mbili. Mzee wetu aweza kustahimili hasara iliyo yake, kama Mkristo apasavyo, asidai kitu. Bali akiwa amewekwa juu ya watu tisa hawezi kulipa deni la mpwa wake kwa kidole cha mwana wa mtu mwingine.

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, akiieleza amri ya saba, Luther asema kwamba wizi si kuvunja sanduku tu. Mtumishi aachaye mali ya bwana wake iharibike kwa uvivu na uzembe ahesabiwa naye kuwa ameiba, hata kama hakutia kitu mfukoni. Wenye mali hupenda sana kunisikia nikilisema hilo. Lakini Luther haishii hapo. Awageukia wafanya biashara na wakubwa, akawapiga kwa fimbo ile ile. Basi nami na niwageukie.

Maana wako kati yetu wasiohitaji kufundishwa kukata. Wameamka na shoka mkononi. Mtu asikia neno la uchongezi juu ya mfanya kazi wake, na jioni yake mtu huyo hana kazi. Wala hakujiuliza kwamba mchongezi huenda anataka nafasi ile kwa ndugu yake. Mwingine huwaacha watu mwezi wa Novemba ili asilipe likizo, akawaita tena Januari kana kwamba ndio kwanza wanaanza. Nami nimemwona kwa macho yangu binti wa kazi za nyumbani amesimama kituo cha basi saa tatu usiku na mfuko wake mkononi, kwa ajili ya sahani iliyovunjika. Na nyumba aliyotoka ina msalaba ukutani. Katika Luka 16, yule tajiri aliposikia kwamba wakili wake anatapanya mali, alimwita mtu mwenyewe, akamwambia habari aliyoisikia, akadai hesabu za kazi yake. Tajiri wa dunia hii alifanya hivyo. Na sisi tuliojifunza amri ya nane tangu utoto twamhukumu mtu kwa maneno ya jikoni?

Tena kabla ya kuhukumu imetupasa kujua kosa ni la namna gani. Yuko asiyejua kazi, kwa sababu hapana aliyemfundisha, huyu afundishwe. Yuko asiyeweza, ambaye amepewa mzigo usio wake. Mara nyingi mtu aliye mzito katika kuuza ni mwepesi katika kutunza ghala, basi abadilishiwe kazi kama iko nyingine. Yuko aliye mgonjwa, au aliyefiwa, na huyu ataka subira nyingi kuliko wote. Na yuko ajuaye, awezaye, ila hataki. Mwenye kazi ambaye hajui kuwapambanua hawa atamfukuza mgonjwa na kumbembeleza mwovu, kwa kuwa mara nyingi mwovu ndiye ajuaye kujieleza.

Siku ya nne nikamwendea mzee karakanani, tukakaa juu ya mbao za mkangazi nyuma ya jengo. Nikamwuliza, "Jambo hili la mpwa wako limeanza lini?"

Akasema, "Mwaka juzi."

"Mwaka juzi hapa palitokea nini?"

Akanyamaza, akaokota vumbi la mbao akalisugua mkononi. Mwisho akasema kwamba mwaka juzi mwanawe alimaliza chuo cha ufundi, naye akampa funguo na kumweka juu ya mashine na juu ya mafundi.

"Na mpwa wako ulimwambiaje?"

"Sikumwambia kitu. Aliona mwenyewe."

Miaka 14, fundi wa kwanza wa nyumba ile, na asubuhi moja akamwona kijana aliyemfundisha kushika randa akimgawia kazi. Nikauliza tena habari za kinga ya msumeno, iliondolewa lini. Akanijibu kwa sauti ndogo kwamba ni zamani, kwa kuwa ilikuwa inachelewesha kazi. Naye aliijua habari hiyo siku zote.

Sikumwambia kwamba hayo ni udhuru wa pombe. Mtu mzima ndiye aliyewasha msumeno ule, naye alijua anachofanya. Lakini mwenye kuchimba kuuzunguka mti huenda akapiga jembe juu ya jiwe ambalo yeye mwenyewe alilifukia pale, nalo sharti alitoe kwanza. Kinga ikarudishwa siku ile ile, na gharama za matibabu ya kijana zikalipwa na mwenye karakana.

Tukaitazama na sheria, maana wengi wa wenye kazi katika sharika zetu huidhania kuwa adui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, iliyotungwa katika nchi yetu mwaka 2004, yataka mambo mawili kwa mtu anayeachishwa kazi: pawepo na sababu ya kweli, na njia iliyofuatwa iwe ya haki. Mwanamke hawezi kuachishwa kwa kuwa ana mimba, wala mtu kwa kuwa amejiunga na chama cha wafanyakazi. Alipwaye kwa mwezi hupewa taarifa ya siku zisizopungua 28. Na kanuni zilizotolewa mwaka 2007 zaeleza jinsi ya kumsikiliza mtu aliyeshtakiwa: aambiwe kosa lake kwa lugha aielewayo, apewe muda usiopungua saa 48 wa kujitayarisha, aruhusiwe kuja na mwenzake wa kumsaidia. Kosa la kwanza kwa kawaida halitoshi kumwachisha mtu, isipokuwa likiwa zito sana, kama udanganyifu mkubwa, au kupiga mtu, au kuhatarisha usalama wa wengine kwa makusudi, au uzembe uliopita kiasi. Na hata hapo sharti asikilizwe. Nilipoyasoma hayo nilifikiri kwamba, kama halmashauri yetu ingaliyafuata, mjane yule asingaliuza nyanya.

Nikamwambia mzee wazi kwamba kwa ajili ya kidole kile angeweza kumshtaki mpwa wake mara moja, na kama kosa likithibitika, kumwachisha; wala mimi nisingesema kwamba ametenda dhambi. Akafikiri kitambo. Akasema, "Jembe sijalishika bado. Nipe nafasi nilishike."

Jumamosi iliyofuata, kazi ilipokwisha, wakakutana: mjomba, mpwa, na mfanya kazi mmoja ambaye mpwa alimchagua mwenyewe. Nami niliitwa nikae kimya. Mjomba akaanza kwa kuungama habari ya funguo, kwamba alimpita mtu bila neno. Mpwa akatazama chini muda mrefu, akasema, "Mjomba, ningalipenda uniambie. Ningalikubali." Kisha mjomba hakuishia penye machozi, kama tulivyofanya sisi zamani. Akatoa karatasi. Yaliandikwa manne: kufika saa moja na nusu, kutokugusa mashine kwa miezi sita, wala kuja kazini amekunywa hata siku moja, na kutomfokea mwanafunzi ye yote. Na kwa upande wa mwenye kazi yakaandikwa mawili: kwamba milango na madirisha yawe chini ya fundi huyu, asiingiliwe na kijana, na kwamba kila Jumamosi wakae pamoja nusu saa kuitazama karatasi. Siku ya mwisho ikatajwa. Wote watatu wakatia sahihi, kila mmoja akachukua nakala yake.

Jambo gumu kuliko yote lilibaki, nalo ni dada. Mzee akaenda kwake mwenyewe, hakumtuma mtu. Akamwambia, "Dada, sijamtupa. Nimempa miezi sita na nimempa na jasho langu. Lakini siku ile ikifika naye hajageuka, tafadhali usije kunililia, kwa maana nina watoto wa watu wengine pale." Dada hakumpa chai siku ile. Juma la pili akampelekea ndizi. Mambo ya ndugu ndivyo yalivyo.

Mzee akaniuliza, kama siku ikifika na mti ukatwe, aukate namna gani. Nikamjibu yale niliyojifunza kwa aibu. Amwambie mwenyewe, mchana, ana kwa ana. Asimtumie simu wala kijana wa pikipiki. Amlipe yote anayodai, maana Torati yakataza jua lichwe juu ya ujira wa maskini, na Yakobo asema kwamba ujira uliozuiliwa una sauti nao hulia mbele za Mungu. Ampe cheti cha kazi aliyoifanya, na mtu akimwuliza habari zake aseme iliyo kweli, yaani pamoja na ile miaka 12 ya milango isiyorudi. Wala asimtangaze kilabuni wala kanisani.

Na kuachishwa huku si hukumu ya mwisho juu ya mtu. Twasoma katika Matendo 15 jinsi Paulo alivyokataa kumchukua Yohana Marko safarini, kwa sababu aliwaacha kule Pamfilia wala hakwenda nao kazini. Barnaba akamtetea, naye alikuwa jamaa yake, kama twaambiwavyo katika Wakolosai. Ugomvi wao ukawa mkali hata wakatengana. Luka haandiki ni nani aliyekuwa na haki, nami nimefurahi kwamba hakuandika. Paulo alikuwa na safari yenye hatari, na mtu aliyekwisha kuwaacha mara moja. Barnaba alikuwa na ndugu. Marko hakuachwa njiani. Alikwenda Kipro pamoja na Barnaba, kazi nyingine, chini ya mkono mwingine. Na miaka ilipopita, Paulo akiwa kifungoni, katika barua yake ya pili kwa Timotheo aliomba aletewe Marko, kwa kuwa amfaa kwa utumishi. Kama Paulo angalimchukua safari ile kwa kuona haya tu mbele ya Barnaba, sijui kama angalipata kuliandika neno lile.

Ndugu zangu wenye maduka, mashine za kusaga, mabasi na mashamba, hamtaniona nikija kuwaambia nani aende na nani abaki. Hilo Mungu ameliweka mikononi mwenu, nanyi mtatoa hesabu yake. Lakini mkija kuniuliza jioni, kama alivyokuja mzee huyu, nitawauliza kwanza kama mmelishika jembe, na ardhi inasemaje.

Karatasi ile iliandikwa mwanzoni mwa Januari. Fundi amechelewa mara mbili, mara zote mbili imeandikwa. Pombe haijasikika kazini, nyumbani sijui. Kidole cha kijana kimepona, ila hakikunjiki sawasawa. Jumamosi iliyopita nilipita pale kuchukua mlango wa sakristia, nikamkuta fundi kwenye meza ya kazi akipiga randa kwa mkono, na yule kijana upande wa pili ameushika ubao. Hawakuwa wakizungumza. Siku iliyoandikwa ni tarehe 30 Juni.